Pasi Hurudishwa Ikiwa Imefungwa

Ukimaliza kuikagua pasi ya mtu, ifunge kwanza, kisha mrudishie. Jalada juu, picha ndani. Usiiache wazi juu ya kaunta ukainuka kumwita mwenzako, wala usimnyooshee mwenyewe juu ya vichwa vya watu kama muuza samaki anayenadi changu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi ya uhamiaji, kabla hata ya kushika mhuri, na ndilo nililowaambia vijana wa mwisho walioletwa kwangu kabla sijastaafu. Mmoja wao alicheka.

"Mama, tuna mashine zinazotambua uso wa mtu, na wewe unatufundisha kufunga kitabu?"

Nilimjibu ndiyo. Siku ile sikuwa na nafasi ya kumweleza zaidi, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Namweleza sasa, yeye na ninyi wote mtakaokaa nyuma ya dirisha lolote ambako watu hulazimika kutoa majina yao: mpakani, gatini, mapokezi ya hoteli, hata kwenye mwavuli wa kusajili laini za simu. Na katika kueleza nitawapa habari za mwanamke mmoja aliyekaribia kukosa ndoa kwa sababu ya karanga za kukaanga. Majina yote nimeyabadilisha, na biashara zao pia. Mwenye habari hizi nilimwomba ruhusa, akasema, "Andika, Mwajuma, ila mwaka usiuandike." Mtaelewa mbele ni mwaka gani.

Kwanza mwalimu wangu. Nitamwita Mzee Kibwana. Nilimkuta kwenye kituo kimoja cha mpaka wa nchi kavu, mbali sana na pwani, mahali penye baridi ambayo mimi mtoto wa Bagamoyo mjini sikuwahi kuifikiria. Yeye kwao Mlingotini. Tulikuwa wawili tu tuliotoka pwani, kwa hiyo alinichukua kama mtoto wa ndugu yake, maana yake alinigombeza zaidi ya wengine.

Alikuwepo mwenzetu pale, tumwite Chande, mchangamfu wa kupindukia. Chande akipokea pasi aliisoma kama mtangazaji wa mpira. Zamani pasi zilikuwa na mahali pa kuandikwa kazi ya mtu. Siku moja likaingia basi, akashuka bwana mmoja mwenye koti zuri na viatu vya kung'aa, na nyuma yake dada mmoja aliyekuwa akimcheka kila alichosema. Bwana akatoa pasi. Chande akaifungua, akapaza sauti, "Kazi: mpishi! Bosi, kumbe leo tutakula!"

Foleni nzima ikacheka. Yule dada naye akacheka, lakini kicheko kingine. Baadaye tulisikia kwa utingo wa basi kwamba tangu Chalinze yule bwana alikuwa akimsimulia jinsi alivyo mhandisi wa barabara. Mtasema alijitakia mwenyewe. Labda. Lakini Mzee Kibwana aliinuka kwenye kiti chake, akaitwaa pasi mkononi mwa Chande, akaifunga, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. "Safari njema, bwana." Basi lilipoondoka akamgeukia Chande.

"Yule bwana amekuja hapa kuomba kupita. Nani alikuambia amekuja kutambulishwa?"

"Lakini mzee, alikuwa anamdanganya yule dada."

"Wewe ni nani wa yule dada? Serikali imekupa macho ya kuangalia kama pasi ni yake na kama haijaisha muda. Mengine umeyaona kwa sababu tu yameandikwa ukurasa uleule."

Maneno hayo nilikaa nayo miaka yote ya kazi. Mengi tunayoyaona hatukupewa tuyaone. Yameandikwa tu ukurasa uleule.

Mzee Kibwana alikuwa na jina la utani, Muulize Mwenyewe. Madereva wa malori walimwita hivyo, wauza chai walimwita hivyo, mwisho hata mkuu wa kituo. Ukimuuliza kama fulani amepita, alijibu, "Muulize mwenyewe." Ukimuuliza kama fulani amerudi, jibu lilelile. Mkewe aliwahi kumpigia simu kazini, akamuuliza kama kaka yake aliyekuwa akitarajiwa kutoka ng'ambo amekwisha kuvuka. "Muulize mwenyewe," akajibu mzee. Na huyo shemeji wakati huo alikuwa ameketi chumba cha nyuma cha ofisi yetu, anakula wali aliopewa na mzee mwenyewe. Alikuwa akisikia simu yote, akaacha kutafuna.

"Shemeji, ni dada yangu yule!"

"Basi mpigie. Simu hiyo hapo."

Tulimcheka sana. Mimi jioni nikamuuliza, kwa heshima, kama si ukaidi tu. Akaniuliza nimewahi kuona mlango unaofungwa siku moja moja. Sikuelewa. Akanieleza hivi: "Ukiwajibu watu mambo madogo, siku ya jambo kubwa utakataa, na kukataa kwako kutakuwa kumejibu. Watasema, mbona juzi alituambia, leo kanyamaza, basi liko jambo. Kwa hiyo mimi nakataa yote. Nakataa ninayoyajua na nisiyoyajua, yenye maana na yasiyo na maana. Asiyekuwapo kabisa nakataa pia. Mtu akitoka kwangu hana alichokipata, hata kwenye kunyamaza kwangu."

Nawaomba msome tena hapo. Kujua kunyamaza hakutoshi. Sharti unyamaze kwa namna moja kwa watu wote.

Huko bara lilikuwa jambo rahisi, kwa kuwa sikuwa na ndugu. Niliporudishwa pwani, nikapangiwa dawati la maombi ya pasi, na siku nyingine kukagua wasafiri wa kwenda na kutoka Unguja, ndipo nilipojua uzito wake. Ninyi mnaotoka mbali na mtakaopangiwa mwambao huu, jueni kwamba kwetu kumuulizia msafiri ni adabu. Mtu akisafiri, jirani akikaa kimya asimuulizie, huyo ndiye mbaya. Naenda sokoni kununua nazi, naulizwa: "Mwajuma, Shomari keshavuka?" Napita msikitini kwa wanawake, naulizwa: "Mtoto wa Bi. Tatu pasi yake imetoka? Anakwenda Maskati kweli?" Wala hawana ubaya, wanataka kumwombea dua. Sasa uwaambie "muulize mwenyewe" kavu kavu kama Mzee Kibwana, mji mzima utasema mtoto wa fulani amevaa sare akasahau kwao.

Kwa hiyo nililazimika kuongeza kitu katika mafundisho ya mzee. Kukataa nako kuna adabu yake. Kwanza shikamoo iwe kamili, na habari za nyumbani zote, za wagonjwa na za watoto. Usikimbie, simama. Akishauliza, cheka kidogo, mwite kwa jina analopenda, umwambie, "Hilo shangazi yangu muulize mwenyewe, mimi kazi yangu hainiruhusu hata kukumbuka." Kisha wewe ndiye umuulize kitu, habari ya shamba lake au ya goti lake. Watu husamehe kunyimwa jibu. Hawasamehi kuachwa wamesimama barabarani.

Nimesahau mashine, na mlitaka kusikia ya mashine.

Zilipokuja za alama za vidole, tatizo letu la kwanza lilikuwa kina mama wa mwani wa Mlingotini. Kulima mwani ni kufunga na kufungua kamba kwenye maji ya chumvi miaka yote, na vidole vyao vimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mashine ikawa inawakataa. Chande mwingine, maana kila kituo kina Chande wake, akampigia kelele bibi mmoja mbele za watu: "Bibi, wewe huna alama!"

Bibi akamtazama. "Alama zangu nimeziacha baharini, mjukuu wangu. Vua viatu uzifuate."

Dawa yake ni ndogo. Kidole kikavu mno mashine haikioni: kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, ondoa maji yaliyozidi, kibonyeze taratibu bila kukisukuma, kikikataa jaribu kingine. Na zungumza naye polepole. Hitilafu ya kidole cha mtu ni habari ya mwili wake, wa tatu kwenye foleni haimhusu.

Na namba za simu! Kompyuta zilipoanza kudai namba ya simu, watu wakawa wanatutajia kwa sauti. Binti mmoja alitaja yake asubuhi, na kabla hajafika getini simu yake ikalia: "Habari yako, mrembo wa foleni." Alirudi mbio ana hasira, akidhani ni sisi. Kumbe ni kijana wa tatu nyuma yake, ana kichwa chepesi cha namba. Toka siku hiyo tukawapa watu kipande cha karatasi waandike, na kioo cha kompyuta tukakigeuza kielekee ukutani. Vile vipande tukawa tunavichana wenyewe, vidogo vidogo, kabla ya kwenda nyumbani. Vijana waliona ni usumbufu. Mpaka zilipokuja karanga.

Zuhura ni mwanamke wa Pangani aliyehamia Bagamoyo na biashara yake ya vitambaa na udi. Alikuwa mjane, mwenye sauti ya chini na jicho kali la rangi. Nguo aliyokuchagulia yeye hukuirudisha. Alikuwa akisafiri kwenda Ngazija kufuata bidhaa, na pasi yake aliiomba kwenye dawati langu. Bakari, fundi wa injini za boti, akampenda. Ikapelekwa posa, ikapokewa, siku ya ndoa ikaanza kuzungumzwa.

Upande wa Bakari mwenye kauli alikuwa shangazi yake, Bi. Mwanakombo, ndiye aliyemlea. Ni mtu wa mtaani kwetu, na kwa kuwa alikuwa rafiki wa mama yangu, mimi nami namwita shangazi. Alasiri moja akanijia nyumbani, hakubisha hodi ya kawaida, ile ya kungoja. Mkononi ana karatasi ya karanga, ile ya kuzungushwa ikawa kama pembe, na karanga bado zimo nusu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Tazama hapa."

Sikutazama. Nilimkaribisha kiti, nikamuuliza goti.

"Goti lipo. Tazama hapa, Mwajuma!"

Nikatazama. Ilikuwa kopi ya pasi. Uso wa Zuhura umetokea upande mmoja wa pembe ile, umekunjika shavuni. Upande wa pili jina, na chini ya jina tarehe ya kuzaliwa. Siku ipo, mwezi upo. Mwaka upo nao, isipokuwa namba ya mwisho imeingiwa na mafuta ya karanga, hapasomeki chochote.

"Nimenunua kwa Athumani pale kwenye kona," akasema. "Nakula, nashangaa naangaliwa na mkwe wangu."

Ningecheka, lakini uso wake haukuruhusu.

"Mshenga alituambia ni rika la Bakari," akaendelea. "Hapa naona mwaka wake unaanza mbali. Hiyo namba ya mwisho ikiwa ndogo, basi kampita mwanangu miaka mingi, na mimi nimekwisha kuwaambia ndugu zangu wa Mlingotini wote kwamba nimepata binti. Ikiwa kubwa, hapana neno. Pasi yake ilipita mikononi mwako. Niambie namba moja tu."

"Shangazi, muulize mwenyewe."

"Usiniletee hayo leo! Hapa ni ndoa ya mtoto. Nikikosea kwa kuivunja, nimemdhulumu yule mwanamke. Nikikosea kwa kuiacha, nimechekwa. Namba moja, Mwajuma, wala usiitamke. Nionyeshe kwa vidole."

Namba nilikuwa naijua. Ilinijia akilini palepale, na ninyi mtajua siku moja jinsi jambo unalolijua linavyowasha ulimi unapoulizwa na mtu unayempenda. Likanijia na wazo la pili, la hatari zaidi: nimwambie si yeye, ni mtu mwingine wa kufanana. Neno la wema, harusi ipite. Lakini neno la wema nalo lilikuwa jibu, na kesho angekuja na swali jingine akijua mlango hufunguka.

"Siwezi, shangazi."

Akasimama. "Basi umekwisha kunijibu. Ingekuwa namba nzuri ungesema."

"Kaa kwanza. Iddi iliyopita si ulinijia hapa ukaniuliza kama mwanao Seifu kavuka kwenda Unguja bila kukuaga?"

"Ndiyo."

"Nikakwambia nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Na Seifu alikuwa wapi?"

Akavuta midomo. "Kwa dada yake. Kalala."

"Basi shangazi, kukataa kwangu hakukuwa na habari siku ile, na leo hakuna."

Alikaa. Nilimwona anatafuta njia nyingine ya kupita, na haikuwepo. Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Kibwana sawasawa. Angekuwapo ningempikia wali.

"Sasa nitamuulizaje mwanamke wa watu umri wake?" akasema polepole. "Mtu hufanya hivyo? Hayo huulizwa pembeni." Na kweli kwetu ni hivyo. Mtu anayetaka kuingia katika nyumba yako unamuulizia kwa jirani, kwa mshenga, kwa kungwi, kwa muuza duka. Yeye mwenyewe unampa halua.

Nilimwomba karatasi. Hakutaka. Nikaleta sahani, nikazimimina karanga zake zote bila kupoteza hata moja, nikamwambia, "Karanga ni zako. Karatasi ni ya Zuhura." Akaniachia.

Kesho yake nilikwenda kwa Athumani muuza karanga. Rundo la karatasi lilikuwa kando ya jiko lake: pasi, vyeti vya kuzaliwa, tiketi, zote kopi. Alikuwa akizipata kwa wakala mmoja wa tiketi pale mjini aliyekuwa akizitoa nje na takataka.

"Mama, mimi sizisomi," Athumani akasema. "Natafuta upande mweupe tu. Magazeti yanachafua karanga kwa wino. Hizi safi."

Nilimpa karatasi nyeupe kutoka nyumbani, akaona amepata. Kwa wakala ilikuwa ngumu zaidi. Alinieleza kwamba hizo ni karatasi chakavu, pasi zenyewe wenyewe wanazo, tatizo liko wapi? Nikachukua moja juu ya rundo, ya mtu nisiyemjua, nikamuuliza kama angependa kopi ya mkewe ifungiwe karanga pale kona. Akaenda kutafuta kiberiti. Tulizichoma nyuma ya duka lake, yeye mwenyewe akikoroga moto, na tangu siku hiyo alinunua mkasi mkubwa. Siku hizi kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, nawashauri muisome yote. Lakini hakuna sheria itakayokwenda yenyewe kuangalia takataka zako zinatoka na nani.

Hapo vijana wengi wangeona kazi imekwisha. Haijaisha. Habari za mtu zikivuja, mwenyewe sharti aambiwe, na ndiyo sehemu inayotutia uvivu sote. Nilikwenda dukani kwa Zuhura, nikamngoja mteja atoke, nikampa ile karatasi ikiwa na chumvi yake.

Aliitazama kwa muda. Alikuwa na kitambaa mkononi, akaendelea kukikunja mpaka kikawa kidogo sana.

"Nani kaiona?"

"Shangazi yake Bakari."

"Ah." Akakiweka chini. "Yote?"

"Yote isipokuwa namba ya mwisho. Mafuta."

Akacheka ghafla, kisha akaacha. "Wewe ulimwambia?"

"Hapana."

"Wala hukunitetea?"

"Wala sikukutetea. Nilimwambia akuulize mwenyewe. Anaona hawezi."

Nilidhani atalia au atafunga duka arudi Pangani, na sijui mpaka leo ilibaki kiasi gani afanye hivyo. Alivua ushungi, akaufunga upya vizuri, akatwaa udi kidogo akaufunga kwenye kitambaa. "Twende," akasema. "Wewe uwe shahidi kwamba nimeulizwa."

Bi. Mwanakombo alitukaribisha kwa kahawa na kashata. Akauliza habari za Pangani. Akauliza bei ya vitambaa Ngazija, mvua, mama yake Zuhura, mguu wa mama yake Zuhura. Akasifu udi. Mimi nilikuwa nahesabu maua kwenye mkeka.

"Shangazi," Zuhura akasema kwa ile sauti yake ya chini, "kuna jambo unataka kuniuliza."

"Mimi? La, mwanangu. Kunywa kahawa."

"Niulize tu."

"Hakuna."

"Basi mimi nitakaa mpaka magharibi."

Bi. Mwanakombo akanitazama nimsaidie. Nikatazama maua. Mwisho akavuta pumzi, akasema, uso umeelekea mlangoni kama anamwuliza mtu wa nje, "Hivi wewe umezaliwa mwaka gani?"

Zuhura akautaja. Wote, na namba ya mwisho.

Namba haikuwa ile aliyoitaka shangazi.

"Mbona mshenga alisema rika la Bakari?"

"Mshenga hajaniuliza. Amekuja kwetu, amekula, amesifu nyumba. Wewe hukuniuliza. Watu wa nyumbani kwako hawakuniuliza. Mji mzima umeniulizia, mimi hakuna aliyeniuliza, shangazi. Ningesema. Sijawahi kuuficha mwaka wangu, nilitaka tu kuutaja mwenyewe."

"Na Bakari? Mtoto wangu anajua?"

Zuhura alinikonyeza, nikajua linalokuja.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Bakari alikuwa anajua. Aliuliza siku ya kwanza walipozungumza, akajibiwa. Kwa nini hakumwambia shangazi yake? Alisema shangazi hakumuuliza yeye pia. Bi. Mwanakombo alinuna kwa muda, aliacha hata kupita mlangoni kwangu, kisha akanunua kitambaa cha nguo yake ya harusi kwa Zuhura huyohuyo, maana hapakuwa na mwingine wa kumchagulia rangi. Harusi niliila. Athumani alileta karanga, na karatasi zilikuwa nyeupe pande zote mbili, nilizikagua.

Limebaki moja. Mwaka wangu wa mwisho kazini, Bi. Mwanakombo alikuja kwenye dawati langu kuomba pasi ya kwenda Umra. Zuhura alikuwa amemsindikiza, amesimama nyuma yake akimshikia mkoba, karibu kabisa. Tukafika mahali pa tarehe ya kuzaliwa. Lazima niwaambie kwamba kwa muda wote ninaomfahamu, Bi. Mwanakombo alikuwa akiuambia mji kwamba Bi. Tatu, jirani yake, ni mkubwa wake, tena mkubwa wa kuamkiwa. Hati yake ilisema mengine.

Aliinama mpaka ushungi wake ukagusa meza. "Mwajuma," akanong'ona, "huo mwaka usiusome kwa sauti."

"Shangazi, lini umewahi kunisikia nikisoma?"

Niliinua macho nimwombe Zuhura arudi nyuma hatua mbili, kama ninavyomwomba kila mtu. Sikuhitaji. Alikuwa ameshatupa mgongo, mkoba umebanwa kwapani, anasoma tangazo la ukutani linalohusu pasi zilizopotea. Alilisoma lote, akarudi juu akaanza tena.

Niliandika. Nikamchukua shangazi vidole, polepole, na kitambaa chenye unyevu. Nilipomaliza nikalifunga jalada, nikamrudishia hati zake kwa mikono miwili, naye akazitia kifuani chini ya baibui.

"Haya, mkwe," akaita.

Ndipo Zuhura akageuka.